Masika Niliyowekwa Chuma

Jumatatu, 10 Machi
Joto. Mabati yanaanza kulia juu ya kichwa kabla ya saa nne. Miguu imevimba tena kwa sababu ya moyo. Katunge, jirani yangu wa mlango wa pili, anasema mvua imekataa kuja Sarang'ombe kwa sababu imesikia harufu ya mtaro wetu.

Jumatano, 12 Machi
Bado joto. Osewe, mwanangu, amepita akitoka kuchomelea geti la mtu huko Makina. Amekunywa chai, amelala kwenye kiti changu, ameondoka.

Jumapili, 16 Machi
Ninaandika nikiwa nimelala chali hospitalini, kwa hiyo huu mwandiko si wangu.

Mvua ilikuja jana alasiri. Wapangaji wote wa ploti tulitoka nje kama watoto. Maji ya kwanza ya msimu hayakingwi. Unayaacha yaoshe vumbi, masizi na kinyesi cha ndege kwenye mabati. Nikaona beseni langu jeupe limeachwa chini ya mchirizi, nikaenda kuliondoa. Kizingiti kilikuwa kimeshalowa. Sikuanguka kwa kishindo. Niliketi tu kwa upande, kama mtu anayekalia kiti ambacho hakipo. Sauti niliyoisikia haikutoka nje. Ilipitia ndani ya mwili mpaka kwenye meno.

Mguu wa kulia ulikuwa umefupika na unyayo umegeukia ukuta. Nilifundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu. Sikuhitaji kuambiwa.

"Msininyanyue," nikamwambia Katunge. "Nyonga imevunjika."

"Umejuaje? Si umeanguka sasa hivi?"

"Angalia unyayo unakotazama."

Akaangalia, akafunika mdomo. Watu wakajaa. Mmoja akasema nipelekwe kwa mzee wa Kambi Muru anayekanda mifupa.

"Akandwe nini?" Katunge akamfokea. "Huyu ni unga wa chapati?"

Pikipiki haifiki kwetu mvua ikinyesha, na gari halifiki hata jua likiwaka. Katunge akaenda akang'oa mlango wa bafu la ploti, kwa sababu huo ndio mlango pekee ambao bawaba zake zimekufa. Wakaniweka juu yake, wakanifunika karatasi ya nailoni. Wanaume wanne wakanibeba kwenye matope mpaka barabarani, na nyuma yao Katunge anapiga kelele, "Leo hakuna kuoga! Mwenye anataka kuoga aoge na macho ya watu!" Nilikuwa nalia kwa maumivu, na nilicheka. Sijui kama nimewahi kufanya yote mawili kwa pamoja kabla ya jana.

Leo asubuhi daktari wa mifupa, Dokta Nyawira, ameniletea picha ya mfupa. Ni mdogo kuliko viatu vyangu vya kanisani, lakini anaongea bila haraka. Alikaa kwenye kitanda, jambo ambalo masista wa wodi hawalipendi.

"Umekatikia hapa, Mwalimu, chini kidogo ya shingo ya paja. Tukiuacha hivi utalala miezi, na kitanda ndicho kitakachokumaliza, si mfupa. Mapafu, vidonda, damu kuganda. Nataka kukuwekea chuma."

"Kinakaa wapi? Ubavuni mwa mfupa?"

"Ndani. Ule mfereji wa uboho katikati ya paja, chuma kinapita humo, kutoka juu kwenda chini. Kisha skrubu nene inapita ndani ya chuma, inapanda kwenye shingo mpaka inashika kile kichwa. Halafu unasimama siku ya pili."

"Siku ya pili ya mwezi gani?"

Akacheka mpaka akashika kitanda. "Siku ya pili, Mwalimu. Kesho yake."

Nimekaa siku nzima nikilitazama neno lile, mfereji. Kila mwaka nilichora mfupa huo ubaoni, nikaandika uboho katikati kwa chaki nyekundu, na haikunipitia akilini kwamba hiyo ni njia, na mtu anaweza kupita.

Jumatatu, 17 Machi
Leo nimesema uongo. Naandika kabla sijapata namna ya kuupamba.

Oyoo amefika kutoka nyumbani. Yeye ni mdogo wa marehemu mume wangu na ndiye mkubwa wa boma sasa. Alikuja na kofia yake ya manyoya, mvua ikimchuruzika, akasimama mwisho wa kitanda na Osewe kando yake. Audrey, mjukuu wangu, alisimama dirishani akitafuna kucha.

"Shemeji, pole sana," Oyoo akasema. "Tumeongea nyumbani. Hapa utakatwa bure. Umri huu, na moyo huo. Na wewe unazijua radi za kwetu. Mtu mwenye chuma mwilini tutamrudisha vipi boma wakati wa masika? Radi itamfuata mpaka kitandani. Nyumba yako ilianguka, hilo naliona aibu yangu. Jana nimeanza kusimamisha nguzo. Twende ukapumzike kwako."

Kila mtu pale alielewa. Kwetu mwanamke haletwi bomani kuzikwa kama hana nyumba ya kutokea. Nguzo hizo hazikusimamishwa ili nikapikie uji.

Osewe akaniuliza, "Mama, unasemaje?"

Nikasema, "Nipelekeni nyumbani. Mimi nimechoka."

Nilisema kwa sauti nzuri, ile ya siku za kutoa zawadi shuleni. Nikaona uso wa Osewe ukilegea, na nikachukia kulegea kwake. Oyoo akavua kofia akasema, "Huyo ndiye mke wa kaka yangu."

Sijachoka. Mwanamke wa miaka sabini na tisa anatakiwa awe amechoka, watu wamemwandalia kuchoka kama wanavyomwandalia kiti, na mimi nikakikalia kwa adabu. Lakini tangu jana nawaza siku ya pili. Ninataka siku ya pili kwa ulafi ambao ningeuonea aibu kwa mtoto mbele ya nyama.

Jumanne, 18 Machi
Mvua toka asubuhi. Mama Nasike wa kitanda cha kushoto anapumua kama mtu anayeburuta gunia.

Jumatano, 19 Machi
Mama Nasike amefariki wakati wa chai.

Alikuwa wa Kawangware, mpishi wa shule, amevunjika kama mimi. Walikuwa wamemning'inizia mfuko wa mchanga mguuni tangu kabla ya sikukuu ya wapendanao, mguu unavutwa mchana na usiku. Nilipofika nilimuuliza kwa nini hawajamwekea chuma. "Wanangu bado wanaongea," akasema. Jana pia nilimuuliza, akasema vilevile, bila uchungu, kama mtu anayesema mboga bado ziko jikoni. Leo sista alimwekea kikombe, akageuka kuchukua sukari, na aliporudi hakukuwa na mtu wa kumpa.

Kitanda kikatandikwa upya. Mfuko wa mchanga ukabaki sakafuni.

Mchana Dokta Nyawira akaja na Oyoo na Osewe nyuma yake. Walikuwa wametoka kutafuta gari la kunisafirisha.

"Mwalimu, wanaume wako wanasema unaenda nyumbani," akasema. "Mimi siwezi kumzuia mtu. Lakini nataka nisikie kwako."

Nikatazama ule mfuko.

"Nilidanganya," nikasema.

Osewe akainama kama hajasikia. "Mama?"

"Juzi. Niliposema nimechoka. Nilidanganya. Niwekeeni hicho chuma."

Oyoo akavaa kofia, akaivua tena. "Shemeji, wewe ni mtu wa heshima. Unataka nini tena hapa duniani? Una wajukuu. Umezika mume. Umefundisha nusu ya wilaya."

"Nataka kuishi."

Ninakiri kwamba niliona haya. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya shemeji yangu, na sikuwa na mkono wa kuzivuta.

"Na kwa nini hukusema?" Oyoo akauliza.

"Ulikuja na nguzo zimeshasimama."

Akakaa kwenye kitanda cha Mama Nasike. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia. "Kaka yangu aliingia kule ndani kupasuliwa tumbo," akamwambia daktari, si mimi. "Alivua viatu akanipa nimshikie. Nikakaa kwenye benchi na viatu. Mpaka wakaja kuniambia. Nilitembea mjini na viatu vya maiti mkononi, sikujua niviweke wapi."

Miaka yote hiyo nilifikiri Oyoo anapenda tu kuamua. Hakuwahi kunisimulia habari ya viatu.

Osewe alinifuata kitandani watu walipotoka. "Mama, mimi nilifurahi juzi kwa sababu nilidhani nimekutii. Basi." Akafuta uso kwa mkono wa shati la kazini, akajipaka masizi.

Alhamisi, 20 Machi
Vipimo vya moyo. Daktari wa usingizi hakupenda alichokiona, lakini amekubali. Kesho.

Ijumaa, 21 Machi na Jumamosi, 22 Machi
Naandika za siku mbili kwa pamoja kwa sababu jana mkono ulikuwa na sindano.

Walinikalisha wakanikunja mbele, sindano ikaingia mgongoni. Miguu ikapata moto kama imetiwa kwenye karai la maji ya kuoga, kisha ikaacha kuwa yangu. Daktari wa usingizi, Dokta Munyao, alikaa kichwani pangu.

"Nikupe dawa ulale kidogo, Mwalimu?"

"Hapana. Nimetembea na mifupa hii maisha yangu yote sijawahi kuiona. Leo silali."

"Haya. Lakini ukiogopa niambie, tusije tukaaibishana."

Pazia la kijani lilinificha kuanzia kifuani. Lakini kulikuwa na kioo cha picha za eksirei upande wa kushoto, na Dokta Munyao, sijui kwa huruma au kwa utundu, akakigeuza kidogo. Nikauona mfupa wangu. Ulikuwa wa kijivu, kama kitu kilicho chini ya maji ya mto, na pale palipokatika palikuwa na mstari mweusi.

"Picha," Dokta Nyawira akasema. Kioo kikawaka. Waya mwembamba ulikuwa umeingia kutoka juu ya nyonga. "Picha." Umeshuka kidogo. "Picha." Ukafika kwenye mstari mweusi, ukasimama. Yeye hakuwa anaona ndani ya mwili wangu, mnaelewa? Alikuwa anapapasa kwa ncha ya waya ndani ya mfupa wa mtu mwingine, na kila alipotaka kujua yuko wapi alisema picha. "Rudi kidogo. Vuta mguu. Vuta. Hapo." Waya ukavuka mstari. Niliuona ukivuka. Upande mmoja wangu ukakutana na upande mwingine.

Kisha ikaja nyundo. Mimi ni mama wa fundi chuma, nimelea watoto karibu na nyundo, naijua. Chuma kile kilipigwa kikashuka ndani ya paja langu, na sikuhisi maumivu yoyote. Nilihisi kama mtu anabisha hodi kwa jirani. Meza nzima ilitikisika. Nikajikuta nasali bila kuomba chochote. Nilikuwa nataja vitu tu. Uboho. Waya. Mkono. Mvua.

Kwa maana mvua ilikuwa kubwa, na kabla skrubu haijaingia, stima ikapotea.

Giza halikuwa la muda mrefu, lakini nilikaa ndani yake. Hakuna aliyepiga kelele. Nikamsikia Dokta Nyawira, sauti ileile ya kwenye kitanda changu: "Kila mtu abaki na alichoshika." Nikajua wakati huo kwamba watu ambao siwajui majina wamesimama gizani wamenishika mfupa, hakuna anayeachia, na nje Nairobi yote inakimbia kutoka mvuani. Dokta Munyao aliweka kiganja kwenye paji la uso wangu. "Uko, Mwalimu?" "Niko." Jenereta likakohoa, taa zikarudi, na mikono yote ilikuwa palepale.

"Picha," akasema, kama vile hakuna kilichotokea. Skrubu ikapanda, ikashika.

Audrey anasema Oyoo alikaa kwenye benchi muda wote amekumbatia malapa yangu. Osewe alijaribu kuyachukua amsaidie, akamfukuza. Waliponitoa nikiwa kwenye machela, alikuja akayaweka miguuni pangu juu ya blanketi, moja moja, akanyoosha kamba zake, akaondoka. Mtu huyo nimemjua tangu akiwa kijana wa kuchunga ng'ombe, na jana ndipo nilipomwona.

Sasa ya leo. Asubuhi alikuja Shivachi, wa mazoezi ya viungo, mtu mkubwa kama kabati, na fremu ya kutembelea mkononi.

"Mwalimu, tunasimama."

"Wewe umeshasimama."

"Basi nifuate."

Sitadanganya, iliuma. Iliuma mpaka nikamwita mama yangu kwa Kiluo, na mama yangu alikufa kabla Kenya haijapata Uhuru. Shivachi alinishika kiunoni lakini hakunivuta. "Mimi ni ukuta tu," akasema. "Anayesimama ni wewe. Ukianguka utaniangukia mimi, na mimi ni laini, uliza mke wangu." Nikaweka uzito kwenye mguu. Nilisubiri ile sauti ya kwenye meno. Haikuja. Kitu kilinipokea kutoka ndani.

Nikasimama. Niliona vichwa vya watu kutoka juu. Niliona dirisha, mti wa kei wenye miiba ukilowa, sista amelala mezani juu ya mikono yake. Wodi nzima ilikuwa na umbo ambalo mtu aliyelala hawezi kulijua. Nikasimama nikilia hadi Shivachi akasema, "Basi kaa, utanifanya nilie na mimi niko kazini."

Jumanne, 25 Machi
Hatua mpaka mlangoni na kurudi. Uji baridi.

Ijumaa, 28 Machi
Nimehamishiwa Kawangware, kwa Audrey, huku Gatina. Chumba chake kiko chini na sakafu ni kavu. Sarang'ombe nisingeweza, njia ya kwetu imekuwa mto. Katunge amepiga simu kusema mlango wa bafu umerudishwa na sasa unafungika vizuri kuliko zamani. "Uliunyoosha na uzito wako, Mwalimu."

Jumatano, 2 Aprili
Ngurumo ya kwanza tangu nitoke. Haijapita dakika moja, simu ya Oyoo kutoka nyumbani.

"Shemeji! Redio inasema kuna radi Nairobi."

"Iko mbali, upande wa Ngong."

"Kaa mbali na dirisha. Umezima simu?"

"Nikizima nitakujibuje?"

Akafikiri. "Basi zima tukimaliza."

Jumapili, 6 Aprili
Ngurumo. Simu ya Oyoo.

Jumatatu, 7 Aprili
Ngurumo. Simu ya Oyoo. Audrey, anayesuka watu nywele hapo mbele, anafunika kioo cha salon yake kwa khanga kila mara, "just in case, Dani," yaani kwa tahadhari tu, bibi, na wateja wake wanasukwa bila kujiona. Wanalalamika, lakini wanakaa.

Alhamisi, 10 Aprili
Osewe amekuja na sumaku. Aliificha mfukoni, akaniomba ruhusa kama mtoto anayetaka kugusa ndege. Akaipitisha juu ya paja langu, akaigeuza, akapitisha tena.

"Haishiki, Mama!"

"Daktari alisema ni titani."

"Haishiki kabisa!" Akaketi sakafuni. Mtu huyu ameshika chuma tangu amalize darasa la nane, na alikuwa ananitazama kama nimetoka mwezini. "Hii si chuma ya sokoni Gikomba. Na kama sumaku haiitaki, radi itaitakia nini?"

Tukampigia Oyoo kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Radi haina sumaku," akakata.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Nimesimama wimbo mzima katika ibada ya kwenye redio. Audrey akaniambia nikae. Nilikataa mpaka amina.

Jumanne, 29 Aprili
Mafuriko. Katunge amehamia kwa dada yake kwa muda. Maji yaliingia mpaka kwenye godoro langu la Sarang'ombe. Ngurumo mara nyingi. Oyoo amechoka kupiga, sasa anatuma ujumbe wa neno moja: "Upo?" Najibu: "Nipo." Nimegundua kwamba mbingu zikinyamaza siku mbili, namsubiri.

Jumatano, 7 Mei
Kliniki. Leo kumetokea mambo mawili, nayaandika kama yalivyokuja.

La kwanza. Dokta Nyawira aliweka picha mbele ya taa. Chuma kilikuwa pale, cheupe na kimenyooka, skrubu yake imepanda kama tawi. Na kukizunguka, pale palipokuwa na mstari mweusi, kulikuwa na ukungu mweupe.

"Unajua hiki ni nini?" akaniuliza.

Nilijua. Nilikifundisha. Lakini nilimwacha aseme.

"Ni mfupa mpya. Huu umetengeneza wewe. Mimi niliweka kiegemeo tu."

Nikauliza kama naweza kugusa picha. Nikaweka kidole kwenye ule ukungu. Wakati nilipokuwa nimelala huku Gatina nikilalamikia chai, nikihesabiwa na shemeji yangu kila radi, mwili huu ulikuwa kazini bila kuniambia. Hakuna aliyeuambia mfupa kwamba mwenyewe ni mzee. Ulianza tu kujenga, kama mfupa wa msichana.

La pili. Daktari wa moyo, chumba cha pili kushoto, alisikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Ameongeza dawa za kutoa maji mwilini. Nikamwomba aniambie wazi. Akasema moyo umefika karibu na mwisho wa nguvu zake. Huenda nikaiona Krismasi, huenda nisiione. Audrey alishika mkono wangu chini ya meza.

Kwa hiyo niko hivi: juu nazimika, chini najengwa. Nilirudi nyumbani nikakaa na jambo hilo. Nilitarajia hasira. Kilichonijia ni kicho, kama nimeachwa peke yangu kwenye nyumba kubwa ya mtu na naogopa kugusa vitu.

Jumapili, 18 Mei
Pumzi fupi. Nimelala nimeegemea mito mitatu.

Jumamosi, 24 Mei
Mvua zinapungua. Oyoo anasema nyumba yangu ya nyumbani imekamilika, mabati mapya, mlango wa bluu. Kuku wake wameshaingia wanatagia humo. "Nimewaacha," akasema, "kwa sababu naona huna haraka."

Jumanne, 3 Juni
Oyoo amekuja. Hakuleta hoja yoyote, alileta samaki waliokaushwa na mayai ya kwenye nyumba yangu. Audrey akayapika, tukayala, tukakubaliana ni matamu.

Baadaye nikamwambia nataka kutembea mpaka barabarani. Sijafika huko kwa miguu yangu tangu nilipoletwa. Audrey akaanza, "Dani, kifua," nikamtazama, akaniletea fremu. Oyoo akachukua kiti cha plastiki bila kuulizwa, akanifuata nyuma nacho, kama mtu anayebeba kiti cha askofu. Jua lilikuwa limetoka. Matope yalikuwa yanakauka kando ya njia na kupasuka vipande. Nilipiga hatua, fremu, hatua, fremu. Mama mmoja muuza sukuma wiki akaniita bibi kwa Kikuyu, "Cucu, unaenda wapi mbio hivyo?" Nikamjibu niko na miadi.

Karibu na pembe ya barabara pumzi ikaisha. Oyoo akaweka kiti, nikakaa, yeye akachuchumaa kando. Tulitazama watu wakipita na mitungi ya maji, wanafunzi, mtu na mbuzi. Nilingoja mpaka niweze kusema sentensi nzima.

"Oyoo."

"Naam, Shemeji."

"Nikifa, wewe ndiye utaongea kwa niaba ya boma."

"Usianze."

"Nasikiliza matanga tangu nikiwa msichana. Mzee akifa, mtu husimama akasema, alikuwa amechoka, Mungu amempumzisha. Watu hutikisa vichwa wakaenda kula. Mimi nilishasema hivyo mara moja, ukanisikia, na haikuwa kweli. Sitaki kusemewa tena."

Alivua kofia akaizungusha mikononi. "Sasa nisemeje?"

"Sema alikuwa hajatosheka. Sema tulimwekea chuma, akapata masika mazima juu yake, na bado alikuwa anataka zaidi."

"Watu watacheka, Shemeji. Mama mkwe wa watu, mwalimu mzima, anataka zaidi."

"Wacheke. Na wewe ucheke nao."

Nilidhani atanibishia. Kisha akarudia polepole, kwa Kiluo, akipanga maneno kama mtu anayejifunza wimbo: hakutosheka, alitaka zaidi. Alipofika mwisho akavaa kofia, akaangalia upande wa pili wa barabara.

"Turudi?" akauliza.

Ng'ambo, kupita kituo cha pikipiki, mtu alikuwa ameegesha mkokoteni wa miwa, anaimenya, maganda yanaruka.

"Beba kiti," nikamwambia, nikashika fremu, nikasimama. "Twende mpaka pale."